Kiungo Kilichoongeza Mwanga

Tunu, mama,

Nakuandikia alasiri hii ya Jumapili wakati wewe umekwenda Stratford, upande wa pili wa London, kuagana na marafiki zako, ambao kwa jinsi ninavyoona mmeshaagana tangu wiki iliyopita na bado mnaendelea. Nyumba imetulia. Niko mezani jikoni, karatasi nimeisogeza upande wa kulia ili jicho zima lifanye kazi na lile lingine lipumzike. Ukiona mistari inapanda mlima usidhani kuna kitu nimekunywa.

Nimeamua kuandika kwa Kiswahili. Najua utasoma polepole, midomo ikicheza, kama unavyosoma meseji za bibi yako. Nataka usome polepole. Tukikaa ana kwa ana mimi nakusemesha Kiswahili, wewe unanijibu Kiingereza, na kila mmoja anaondoka akidhani ameshinda. Kwenye karatasi huna pa kunijibia mpaka nimalize.

Habari za koti zito, za namba ya ubalozi, za kutokwenda na nguo zisizopigwa pasi mbele ya Wazungu, hayo nimemwachia mama yako. Anayatuma kwa ujumbe wa sauti kutoka Korogwe anakomuuguza bibi yako, moja baada ya jingine, na mimi sina ubavu wa kushindana naye. Mimi nina jambo moja tu.

Najua huna mpango wa kupanda treni kesho.

Ijumaa nilitaka kupita kwenye korido na kapu la nguo, begi lako kubwa likanizuia. Nikalinyanyua kwa mkono mmoja. Sasa, mtu anayehamia Ujerumani kwa miaka minne, begi lake halinyanyuliwi kwa mkono mmoja na mzee wa rika langu. Nikalirudisha, nikaendelea na nguo zangu. Unanijua, nikihisi jambo silivamii, nalizunguka kwanza, kama fundi anayetafuta mahali nyaya zilipoingilia ukutani. Jana asubuhi nikampigia mama yako, nikaanza na habari za mvua.

"Mvua ipo," akasema. "Na bibi anaendelea vizuri. Jana kala ugali, kaomba na wa pili."

"Alhamdulillah. Huku naona Tunu anajiandaa taratibu."

Akanyamaza. Mama yako ana vipaji vingi, lakini kunyamaza kwake huwa kuna kelele.

"Baba Tunu, mimi sijasema kitu."

"Na mimi sijasema umesema."

"Na usimwambie kwamba nimekuambia."

"Umeniambia nini?"

"Kwamba kamwandikia profesa wake kuomba asogeze mpaka mwakani kwa sababu ya jicho lako! Na profesa kamjibu nafasi anamshikilia mpaka Jumanne tu, asipofika anapewa mwingine. Haya, mboga yangu inaungua, kwaheri."

Usimlaumu. Alijitahidi, na kwa mtu mwenye hulka yake kukaa na siri siku mbili ni sawa na kufunga mwezi mzima. Kwa hiyo nadhani mpango wako ulikuwa kuniambia kesho asubuhi, tumeshavaa viatu, chai imeshapoa, ili nisipate nafasi ya kubishana. Mbinu nzuri. Umeitoa kwangu. Ndiyo maana nimekuwahi.

Siandiki kukufokea. Moyo uliokutuma kuandika ile barua pepe ni moyo mzuri na nilikaa nao jana nzima, nikawa kila nikipita mbele ya picha yako ya mahafali natanua kifua. Lakini kuna kosa moja ambalo hufanywa na watu wa kazi yangu peke yao, na naona umelifanya bila hata kuajiriwa.

Unajua ninachofanya lakini hujawahi kuniona nikikifanya. Ulipozaliwa nilikuwa nasafisha ofisi Croydon, kwenye lile jengo refu ambako mchana watu wenzetu walipanga foleni kuomba kubaki nchini na usiku mimi nilifuta alama za viatu vyao. Kisha nikachimba mitaro ya nyaya za intaneti. Kisha, kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kuchungulia kwenye hema la mafundi wakati wa mapumziko, mmoja akachoka kunifukuza akanifundisha kuunga. Uzi wa kioo, mwembamba karibu kama unywele wako kabla hujausuka. Unaumenya, unaufuta kwa spiriti, unaukata ncha iwe sawasawa, unauweka kwenye mashine uso kwa uso na mwenzake, cheche inapiga, inakuwa uzi mmoja. Mwanga wa leza unapita humo umebeba simu za watu, filamu zao na ugomvi wao.

Ukishaunga lazima upime. Tuna mashine ambayo inatuma pigo dogo la leza ndani ya uzi, halafu inasikiliza ule mwanga kidogo unaorudi nyuma, kama mtu anayepiga kelele kisimani. Kwenye kioo chake unachorwa mstari unaoteremka polepole, na kila penye kiungo mstari unashuka kijingazi, maana hakuna kiungo kisichopoteza kitu. Kijingazi kidogo, fundi mzuri. Kijingazi kikubwa, rudia.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mwisho mmoja wa kebo, kwenye shimo la barabarani karibu na Lewisham sokoni, na Otieno alikuwa mwisho wa pili huko Catford. Baba yako mdogo Otieno, huyu huyu anayekuletea omena, dagaa wa kwao, ukiwa na mtihani. Nikapima kiungo changu. Mstari haukushuka. Ulipanda.

Nikapima tena. Ukapanda tena. Kiungo nilichounga mimi, Selemani, mtoto wa Korogwe, kilikuwa kinaongeza mwanga. Nikampigia Otieno hapo hapo.

"Otieno, nimepata kitu."

"Umepata nini, panya?"

"Kiungo changu hakipotezi. Kinaongeza."

"Kinaongeza nini?"

"Mwanga, bwana! Unaingia kidogo, unatoka mwingi."

Nikasikia anavuta pumzi, nikadhani ni heshima.

"Sele," akasema, "usiguse kitu. Usiambie mtu. Kesho tutaenda wewe na mimi kwa malkia, tumwambie afunge mitambo yote ya stima, tumepata Mtanzania."

"Unacheka nini?"

"Hebu ngoja nipime na mimi kutoka huku."

Akapima. Kutoka upande wake, kiungo kile kile kilikuwa kibovu. Mstari ulianguka kama mtu aliyekosa ngazi.

Ukweli ni kwamba nyuzi mbili hazikuwa za aina moja. Mmoja hurudisha mwanga mwingi kidogo kuliko mwingine. Ukisimama upande mmoja, pigo likavuka kutoka uzi usiorudisha sana kwenda kwenye unaorudisha sana, mashine inadhani mwanga umeongezeka. Ukisimama upande wa pili inadhani umepotea sana. Mashine haidanganyi, inasema ilichokiona kutoka pale ilipo. Dawa yake ni moja: pima kutoka ncha zote mbili, jumlisha, gawa kwa mbili. Kiungo changu kikatoka cha kawaida kabisa. Si muujiza, si balaa. Otieno hajaacha kunisalimia kwa habari za malkia mpaka leo.

Sasa wewe umenipima kutoka ncha moja. Ulipo wewe umeona baba kamimina chai nje ya kikombe. Umeona baba anashika ukuta akishuka ngazi. Umeona nimeacha kuendesha gari la kazi. Mstari umeanguka, ukaandika barua pepe. Na kosa si lako peke yako, maana mimi kutoka ncha yangu nilikuwa nakupa kipimo cha uongo. Ulipouliza nilisema vumbi. Ulipouliza tena nikasema miwani imechoka. Ukapata baba ambaye kila akiulizwa anaongeza mwanga. Ni nani angemwamini fundi wa namna hiyo?

Basi chukua kipimo cha ncha yangu, na hiki nakiandika kama ninavyokiandika kazini.

Jicho la kushoto halitarudi lilivyokuwa. Daktari alisema hivyo waziwazi, wewe ulikuwa umetoka kutafuta mahali pa kununua maji, na nilipotoka nikakuambia "kasema vizuri." Hakusema vizuri. Alisema sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, inavuja, na leza inaziba inapovuja lakini hairudishi kilichokwishaondoka. Nikitazama mlango kwa jicho hilo peke yake, fremu inapinda kiunoni kama inataka kucheza. Nikisoma, herufi za katikati ya neno zinakosekana na mimi nakisia, na nakisia vizuri kuliko unavyodhani. Hilo la kulia ni zima. Lina dalili kidogo, wanalichunga, na nisipokuwa mjinga litabaki zima. Miadi ya kupimwa macho niliipuuza miaka miwili, kwa sababu nilifanya kazi za usiku na kwa sababu nilikuwa naona. Hiyo sababu ya pili ndiyo ya kijinga. Mwanga tunaofanyia kazi hauonekani kwa macho, sheria ya kwanza kwenye hema ni kwamba usiuchungulie uzi eti kwa kuwa unaona giza ndani. Niliwafundisha vijana sheria hiyo kila mwezi, kisha nikarudi nyumbani nikaamua kwamba kwa kuwa sioni tatizo, tatizo halipo.

Siku ya leza yenyewe nilicheka peke yangu, ingawa wewe uliyekuwa nje ulidhani nimezidiwa na hofu. Miaka yote nimewaambia watu wasitazame leza. Sasa nimekaa, kidevu kwenye kishikizo, paji la uso limebanwa, na binti mdogo mwenye koti jeupe ananiambia tazama mbele, usipepese. Taa ya kijani, tap, tap, tap. Nikamuuliza hiyo yenu ni ya rangi moja tu au mnabadilisha?

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Hiyo hiyo yako. Ila mimi wagonjwa wangu wako chini ya lami."

"Nimefurahi kukutana na mwenzangu," akasema. "Sasa mwenzangu, usitikise kichwa."

Kazini hawakunifukuza. Gari nimenyang'anywa, kweli, na siku ya kwanza kupanda basi na sanduku la vifaa nilijisikia kama nimevuliwa cheo mbele ya gwaride. Lakini mashine ya kuunga ina kamera zake, hainiombi jicho. Wameniweka mezani kuwafundisha vijana. Nilitaka kuichukia kazi hiyo na nimeshindwa. Kila siku kuna mmoja anayekuja na macho yamemtoka kuniambia kiungo chake kinaongeza mwanga, na mimi nampa mkono wa pongezi kabla ya kumwambia apige simu upande wa pili.

Hicho ndicho kipimo. Kuna hasara na imeandikwa. Hakuna giza.

Sasa nakuja kwako, na hapa naomba usiifunge karatasi.

Nilipokuwa nalizunguka jambo hili jana, nilipiga hesabu moja ndogo. Jicho langu umelijua tangu baridi ya mwanzo wa mwaka. Uliniandalia dawa za matone, ukanifokea kuhusu soda, na wakati wote huo bado ulikuwa unaimba bafuni na kutafuta vyumba vya kupanga huko Jena, Ujerumani. Wasiwasi wa kuniacha ulianza juzi juzi, baada ya ule mkutano wa kwenye kompyuta na watu wa maabara ya profesa wako. Nilikuwa sebuleni, nilisikia. Walikuwa wanaongea haraka, wanacheka mambo wanayoyajua wenyewe, kisha mmoja akakuuliza swali na wewe ukasema utaangalia. Mkutano ulipoisha ukaja jikoni ukaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nikakuuliza, "Vipi?"

Ukanijibu kwa Kiingereza chako kwamba wote wale wanajuana, na kwamba huenda walikuchagua kwa bahati mbaya.

Siku chache baadaye, jicho langu likaanza kukukosesha usingizi.

Tunu, kuogopa kunaruhusiwa. Kama unaogopa, niambie unaogopa, tukae na woga huo, nikutengenezee uji. Lakini usijifiche nyuma ya jicho langu. Ni jicho moja tena bovu, halitoshi kumfunika mtu mzima.

Na kwa kuwa kuogopa mbele ya watu wanaojua ni fani yangu, sikiliza. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza mwanga unakwendaje ndani ya waya, nikakuambia unadunda ukutani kama mpira, huku na huku, mpaka unatokea upande wa pili. Ukachora, mwalimu akakupa nyota. Ulipofika chuo ukarudi wikiendi moja ukaniambia, kwa upole wa daktari anayeleta habari za msiba, "Baba, kwenye ule uzi wako mwanga haudundi. Ni mwembamba mno kwa kudunda. Unakwenda kama wimbi moja." Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nimeunga nyuzi hizo nusu ya maisha yako na mtoto wangu ananiambia sijui kinachopita humo! Kisha nikaanza kusoma. Kwenye basi, kwenye treni ya DLR, maktaba ya Lewisham, video za maprofesa ambao wanaongea kama wanalipwa kwa kila sekunde. Nusu sikuelewa, robo nilielewa vibaya, iliyobaki ndiyo elimu yangu. Humo ndimo nilimosoma kwamba siku hizi wanatengeneza mapigo ya leza mafupi kiasi kwamba wanaweza kukamata elektroni ikihama, kitu ambacho zamani walisema hakiwezi kuonwa hata kwa kukisia. Na kwamba wanahamishia mwanga ndani ya chipu za kompyuta, mahali ambapo nyaya za shaba zimezeeka. Humo ndimo nilimoisoma na hiyo yenu, kabla hujaniambia ndiyo unakwenda kuisomea: uzi ambao katikati yake hamna kioo. Uwazi mtupu, hewa, umezungukwa na vijibomba ambavyo kuta zake ni nyembamba karibu kama za povu la sabuni.

Nakumbuka nilivyocheka. Nikasema hawa sasa wamechoka, wanauza hewa. Kumbe wamefika pale ambapo uzi wao wenye uwazi unapoteza mwanga kidogo kuliko uzi bora wa kioo kilichojaa, na mwanga unakimbia zaidi humo, karibu mara moja na nusu, maana kioo kilikuwa kinauchelewesha muda wote huo na sisi tulidhani kinausaidia. Na leza kali ambazo zingeunguza kioo zinapita hewani bila kugusa kitu. Mimi niliyecheka ndiye wa kwanza kuandika jina kampuni ilipoleta mkufunzi wa kutufundisha kuuunga.

Sijawahi kukusimulia siku ile. Tulikuwa mezani, mimi mkubwa wao kwa umri, vijana pembeni wananitazama kwa sababu nimewafundisha wote. Mkufunzi, mwanamke mmoja mpole, akatoa uzi, akasema moto uwe mdogo sana. Nikamsikia. Nikaupunguza moto kidogo, kwa heshima yake, nikaacha uliobaki kwa heshima ya uzoefu wangu. Cheche ikapiga. Kwenye kioo cha mashine nikaona vile vijibomba vinasinyaa na kufungana, uwazi ukaziba, mwanga ukafa hapo hapo.

Kijana mmoja akasema, "Mzee, umeupika."

Wakacheka wote. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa fani yangu ningejua namna ya kuipasua. Mkufunzi wala hakucheka.

"Wa kwanza kila mtu huunguza," akasema. "Na sisi tulioutengeneza tuliunguza. Tuliunguza mwaka mzima."

Akanikatia kipande kingine. Huo nao nikauunguza, ila kwa adabu zaidi. Wa tatu ukapitisha mwanga, hafifu, kama taa ya baiskeli. Jioni nilikuwa nakunywa chai na wale wale walionicheka, wananiuliza moto niliuweka ngapi.

Nakusimulia kwa sababu moja. Hicho unachokwenda kusomea ni kipya kiasi kwamba hakuna aliyezeeka nacho. Yule aliyekuuliza swali kwenye kompyuta, anayeongea haraka, naye ana ndoo ya vipande alivyovipika mahali fulani chini ya meza. Na pengine aliuliza kwa sababu na yeye hajui. Mimi nimekaa na mafundi muda mrefu. Anayejua kweli huwa anauliza polepole.

Utaingia humo na utakuwa mweusi peke yako siku nyingi, na utakuwa msichana peke yako siku nyingine, na Kijerumani kitakupita juu ya kichwa kama ndege za Heathrow. Sikudanganyi. Nilipokuja nchi hii nilikuwa naitikia kwa kichwa kila nilichoambiwa na msimamizi, ndiyo, ndiyo, mpaka siku moja nikajikuta nimekubali kuhamishiwa zamu ambayo haikuwa na basi la kurudi nyumbani. Nikatembea kutoka Croydon mpaka Lewisham, mvua ikininyeshea, kwa sababu tu nilishindwa kusema "sijaelewa, rudia." Neno hilo lijifunze kwa Kijerumani kabla ya salamu. Salamu watakusamehe.

Nimeshayapanga ya huku. Wiki ijayo kuna leza ya pili. Jana, baada ya mama yako kukimbilia mboga yake, nilimpigia Otieno nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia mtu tangu nitue Uingereza.

"Nahitaji msaada."

Nikasikia anazima redio.

"Sele, uko sawa? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka mtu wa kunipeleka hospitali na kunirudisha. Tunu anasafiri."

"Nitakupeleka. Lakini kwenye gari langu tunasikiliza redio yangu."

"Nimekubali."

"Na njiani utanieleza tena ile habari ya kiungo chako."

"Otieno."

"Sawa, sawa. Saa ngapi?"

Mama yako anarudi bibi akipata nafuu. Jirani wa juu, yule mama wa Kikongo, ameshasema atanigongea mlango jioni akipita, na ameanza kabla sijamkubalia. Sukari napima. Soda niliyoificha nyuma ya mchele nimeimwaga leo mchana. Ndiyo, ilikuwepo.

Kila Jumapili utanipigia, na hatutaanza na mvua. Nitakuambia jicho limeonaje wiki hiyo, likishuka nitasema limeshuka, na hutasikia neno vumbi. Nawe utaniambia ulichounguza, si ulichofaulu peke yake. Nataka kujua wakati umelia kwenye choo cha maabara, maana kila mtu hulia mahali na mimi nilikuwa nalia kwenye gari la kazi, ndiyo maana nilisikitika sana waliponinyang'anya.

Nasikia lifti. Huenda ni wewe, kwa hiyo namalizia.

Huko nyuma watu walipoamua kwenda, wazazi waliwaambia nenda, hata kama moyo unakataa, na waliobaki walisema hatuna shida, hata kama shida ilikuwa imekaa nao mezani. Wewe ulijua mimi ni wa namna hiyo, ukaamua usiniamini, na ulikuwa na haki. Kwa hiyo nakupa kitu ambacho baba yangu hakunipa. Siku nikikuhitaji urudi, nitakuambia rudi. Neno hilo hilo, bila kulizunguka, hata kama ni katikati ya mtihani wako, hata kama nitaona haya. Usipolisikia, ujue sikuhitaji urudi, na ufanye kazi yako ukiwa umetulia.

Leo silisemi. Leo nasema nenda.

Baba yako,
Selemani